Barua ya Kupimwa Aota Ukifika Miaka 65: Maswali Yanayoulizwa na Wazee Wetu Uingereza

Mwanaume aliyejiandikisha kwa daktari wa familia hapa Uingereza hupokea barua mwaka anaotimiza miaka 65. Inamwita akapimwe mshipa mkuu wa damu tumboni, bila malipo. Baba zetu wengi, waliotoka Unguja, Mombasa, Dar es Salaam, Kampala au Bukavu, huiweka juu ya friji pamoja na bili ya gesi, kwa kuwa hawaumwi popote na Kiingereza cha barua ni kizito. Nimewasindikiza wazee kliniki kama mkalimani, na maswali yaliyo hapa chini ndiyo wanayoniuliza njiani. Mambo ya mwili wako mwenyewe muulize daktari wako. Mengine nimejitahidi kuyaeleza kwa lugha yetu.

Wanapima nini hasa?

Aota ni mshipa mkubwa kuliko yote mwilini. Inatoka moyoni, inapita kifuani, inateremka tumboni mbele ya uti wa mgongo, na karibu na usawa wa kitovu inagawanyika mara mbili kuelekea miguuni. Sehemu ya tumboni kwa kawaida ina upana wa sentimita 2 hivi. Kwa baadhi ya watu, umri ukisogea, ukuta wa mshipa hudhoofika mahali fulani na kuanza kutuna.

Mzee mmoja fundi baiskeli nilimweleza hivi: tairi likipata ufa, tyubu hutokeza pale kwenye ufa, na kadiri inavyotokeza ndivyo mpira unavyozidi kuwa mwembamba na kubanwa na upepo. Alinielewa papo hapo. Mshipa nao ni vivyo hivyo. Ukitanuka, presha ya damu inauelemea zaidi pale palipotanuka, ndiyo maana mkubwa hukua haraka kuliko mdogo na huwa karibu zaidi na kupasuka. Upana ukifika sentimita 3 au zaidi, ndipo madaktari wanasema mshipa umetanuka.

Siumwi chochote. Kwa nini niende?

Hili ndilo swali la kila mzee, na ndilo linalofanya barua zikae juu ya friji. Tumezoea kwenda hospitali tunapougua. Hapa mambo yamegeuka: anayeitwa ni yule asiyeumwa, kwa sababu ugonjwa huu haumsemeshi mtu. Unaweza kukaa nao miaka kumi bila homa, bila maumivu, bila kupungua uzito. Unalala, unaswali, unapanda ngazi, unacheza bao. Wachache huhisi mapigo ya moyo tumboni au mgongo kuuma kidogo, lakini wengi hawahisi kitu.

Dalili ya kwanza kwa wengi ni kupasuka kwenyewe. Na ukipasuka, kati ya watu 10 karibu 8 hufariki, wengi wao kabla ya kufika hospitali au wakiwa bado hawajaingizwa chumba cha upasuaji. Ukigunduliwa mapema kisha ukatengenezwa kwa utaratibu, walio wengi sana wanapona. Tofauti ya hali hizo mbili ni kipimo cha dakika kumi. Ndiyo maana mimi huwaambia wazee wangu waende.

Wakisema nina uvimbe, ni kansa?

Hapana. Neno "uvimbe" limewatisha wazee wengi bure, na wakalimani tuna lawama hapo. Si nyama iliyoota wala hausambai mwilini. Ni mshipa uliotanuka, basi. Afadhali mkalimani aseme "mshipa umetanuka" na kuliacha kabisa neno uvimbe.

Mbona wanaitwa wanaume tu? Mke wangu je?

Kwa wanawake hali hii ni nadra zaidi. Katika utafiti wa mji wa Chichester, kusini mwa Uingereza, uliochapishwa mwaka 1995, walipimwa wanaume na wanawake wa miaka 65 hadi 80. Mshipa uliotanuka ulikutwa kwa asilimia 7.6 ya wanaume na asilimia 1.3 tu ya wanawake. Kuwaita wanawake wote hakukuonekana kuokoa maisha, kwa hiyo mpango wa taifa ukabaki kwa wanaume.

Lakini mwanamke anayeupata ana hatari yake: mshipa wake huweza kupasuka ukiwa bado mdogo kuliko wa mwanaume. Kama mama amevuta sigara miaka mingi, au baba yake au kaka yake alikuwa na tatizo hili, asingoje barua ambayo haitakuja. Amwambie daktari wa familia, atampangia kipimo.

Nani yuko hatarini zaidi?

Mvutaji. Sigara ndiyo sababu kubwa kuliko zote, na aliyeacha zamani bado anabeba sehemu ya hatari hiyo, ingawa hupungua kadiri miaka inavyopita. Huko Marekani, jopo la wataalamu wa kinga lilitoa ushauri wake mwaka 2005 na kuuhuisha mwaka 2014 na 2019: mwanaume wa miaka 65 hadi 75 aliyewahi kuvuta apimwe mara moja. Na "aliyewahi kuvuta" maana yake ni aliyefikisha sigara 100 maishani mwake. Pakiti tano tu. Wazee wengi wanaoniambia "nilijaribu tu ujanani" wameshapita hapo. Na shisha ni moshi wa tumbaku, hata ukinukia tufaha.

Baada ya sigara huja damu ya ukoo: baba, kaka au dada akiwa nao, uwezekano wako unapanda. Halafu presha ya kupanda. Kisukari, kwa ajabu, kinakwenda kinyume: wenye kisukari hupata mshipa uliotanuka mara chache zaidi kuliko wengine. Hiyo isikufanye ukifurahie kisukari, kwani kinaharibu mishipa kwa njia nyingine.

Kuhusu asili: tatizo hili huonekana zaidi kwa wanaume Wazungu, na mara chache zaidi kwa wenye asili ya Bara Hindi, ambao ni wengi miongoni mwa wazungumzaji wa Kiswahili wa Leicester na London. Mara chache si kamwe. Mpango unawaita wote.

Siku ya kipimo inakuwaje?

Unakwenda kliniki ya mtaa, zahanati ya daktari wa familia au hospitali, jinsi barua inavyosema. Unathibitisha jina na tarehe ya kuzaliwa, unaelezwa kipimo, unaulizwa kama umekubali. Unalala chali, unafunua tumbo, unapakwa jeli ya baridi, na mtaalamu anapitisha kifaa cha altrasaundi juu ya ngozi, kilekile wanachopimiwa wajawazito. Hakuna sindano, hakuna dawa, hakuna mionzi. Haiumi, ila unaweza kubonyezwa kidogo.

Mambo madogo ambayo barua haikuambii:

Usivae kanzu siku hiyo. Kanzu lazima ipandishwe kutoka miguuni mpaka kifuani, na nimewaona wazee wakitahayari. Vaa shati na suruali. Utafungua vifungo vya shati na kushusha mkanda kidogo, mambo yamekwisha. Ukipendelea kupimwa na mwanaume, piga simu mapema uulize.

Hakuna kitu kinachoingia mwilini na hulazimiki kula wala kunywa kabla, kwa hiyo ukipangiwa Ramadhani unaweza kwenda na saumu yako. Ukiona uchovu, omba tarehe nyingine.

Mkalimani ni haki yako na hulipii. Omba kwa simu unapothibitisha miadi, taja Kiswahili, na kama Kiswahili chako ni cha Kongo sema hivyo. Usimtumie mjukuu wa miaka kumi na mbili. Nilishuhudia mtoto akigoma kutafsiri neno "kupasuka" mbele ya babu yake, akanyamaza tu, na babu akaondoka akidhani yote ni salama.

Majibu unapewa palepale kabla hujavaa viatu. Mara chache mshipa hauonekani vizuri kwa sababu ya hewa tumboni au unene, na hapo unaitwa tena. Haina maana kwamba kuna baya limeonekana.

Namba walizonipa zina maana gani?

Chini ya sentimita 3: mshipa wako ni wa kawaida na mpango hautakuita tena. Wazee hushangaa, "mara moja tu?" Ndiyo. Mshipa hutanuka polepole sana, na aliye salama akiwa na miaka 65 ni nadra kufikia hatari baadaye. Walio wengi mno wanaishia hapa. Siku hizi ni kama mwanaume 1 kati ya 100 ndiye anayekutwa na tatizo, wachache kuliko zamani, kwa kuwa sigara imepungua.

Sentimita 3.0 hadi 4.4 huitwa mdogo, na unapimwa kila mwaka. Sentimita 4.5 hadi 5.4 ni wa kati, na unapimwa kila miezi mitatu. Ukifika 5.5, ni mkubwa: unatakiwa kuonana na daktari bingwa wa upasuaji wa mishipa ndani ya wiki mbili. Anayekutwa na mkubwa siku ya kwanza ni mtu 1 hivi kati ya 1,000.

Wameuona tayari. Mbona hawautoi sasa hivi, wanangoja ukue?

Swali la haki, na huulizwa kwa hasira. Mtu akiambiwa kuna kitu tumboni, anataka kitoke leo. Lakini upasuaji wenyewe una hatari yake, na mshipa wa sentimita 4 hupasuka mara chache sana. Uingereza walilipima jambo hili: wagonjwa 1,090 wenye mshipa wa sentimita 4.0 hadi 5.5 waligawanywa, nusu wakapasuliwa mapema, nusu wakafuatiliwa kwa altrasaundi. Matokeo yalitoka mwaka 1998: waliopasuliwa mapema hawakuishi zaidi ya waliofuatiliwa. Utafiti mwingine kwa maveterani wa Marekani, wa mwaka 2002, ulifikia palepale. Kwa hiyo unaposubiri hujasahaulika. Ila mshipa ukikimbia, ukakua zaidi ya sentimita 1 kwa mwaka, hawangoji ufike 5.5.

Upasuaji wenyewe ukoje?

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kufungua tumbo, kufunga mshipa juu na chini, na kushona kipande cha bomba la kitambaa cha polista mahali palipotanuka. Ni upasuaji mkubwa. Unalala hospitali kama wiki, na nguvu hurudi baada ya miezi. Faida yake ni kwamba ukishapona, kazi imeshikana vizuri na ufuatiliaji ni mdogo. Ya pili ni kupitisha bomba lililokunjwa kupitia mishipa ya kinenani, likafunguliwa ndani ya aota ili damu ipite humo. Unaweza kurudi nyumbani baada ya siku chache, lakini lazima upigwe picha mara kwa mara maisha yako yote, maana bomba huweza kusogea au kuvuja.

Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2004 ulilinganisha njia hizi. Ndani ya siku 30, walifariki asilimia 4.7 ya waliofunguliwa tumbo na asilimia 1.7 ya waliopitishiwa bomba kinenani. Tofauti hiyo ilififia miaka ilipokwenda, na waliotiwa bomba ndio waliorudishwa zaidi kufanyiwa marekebisho. Hapa hakuna jibu moja. Umbo la mshipa wako, moyo, mapafu na figo ndivyo vinavyoamua, na wewe mwenyewe una sauti.

Njia hizi hazikuwapo zamani. Mwanasayansi Albert Einstein alikuwa na mshipa huu. Mwaka 1948 daktari Rudolf Nissen alimpasua huko New York na kuufunga kwa karatasi laini ya selofani ili uchochee kovu la kuushikilia, kwani hicho ndicho kilichowezekana. Ulidumu miaka sita na zaidi. Ulipopasuka Aprili 1955, Einstein alikataa kupasuliwa tena, akafariki akiwa na miaka 76. Kubadilisha kipande chenyewe kulifanywa na Charles Dubost huko Paris mwaka 1951, na bomba la kupitia kinenani lilitumiwa kwa aota ya tumboni na Juan Parodi huko Buenos Aires mwaka 1990.

Kuna ushahidi gani kwamba kupima watu wote kunasaidia? Na hasara je?

Utafiti mkubwa kuliko yote ulifanyika Portsmouth, Southampton, Winchester na Oxford kwa wanaume karibu 67,800 wa miaka 65 hadi 74. Nusu waliitwa kupimwa, nusu hawakuitwa. Matokeo ya mwaka 2002, baada ya miaka minne hivi: wasioitwa, 113 walikufa kwa mshipa huu, walioitwa, 65. Kwa kujikita juu ya hayo na mengine, mpango wa England ulianza mwaka 2009 na kuenea England nzima kufikia 2013. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini nao wakaanzisha yao. Sweden ilianzia Uppsala mwaka 2006, na kufikia 2015 nchi nzima ilikuwa imefikiwa. Huko Australia Magharibi, kwa upande mwingine, utafiti uliojumuisha wazee wenye umri mkubwa zaidi haukuona faida ya wazi kwa kundi zima.

Hasara zipo na unastahili kuzijua kabla ya kufunua tumbo. Watafiti wa Sweden walichapisha hesabu mwaka 2018: katika kila wanaume 10,000 wanaoitwa, wawili waliepushwa na kifo cha mshipa huu, lakini 49 waligunduliwa na mshipa ambao usingewadhuru, na 19 kati yao wakafanyiwa upasuaji ambao pengine hawakuuhitaji. Wao wanasema vifo vimepungua hasa kwa sababu watu wameacha sigara. Wengine wanapinga hesabu hiyo, wakisema miaka iliyofuatiliwa ilikuwa michache. Mimi nimesoma pande zote mbili. Kwa mzee aliyewahi kuvuta, au mwenye ndugu aliyeugua, sioni sababu ya kutokwenda. Kwa asiyewahi kugusa sigara na ambaye ana magonjwa mengine mazito yasiyoruhusu upasuaji, azungumze kwanza na daktari wake, na akikataa asionekane mkaidi. Kupimwa ni hiari.

Kuna pia mzigo wa moyo. Mzee aliyekuwa akibeba wajukuu anaanza kuogopa hata kukohoa. Hofu hiyo ni hasara ya kweli, na kliniki ina muuguzi wa kuzungumza naye. Mtumie.

Nimekutwa na mdogo. Niishi vipi?

Acha sigara, leo. Hakuna dawa iliyothibitishwa kuurudisha mshipa, lakini mvutaji mshipa wake hukua haraka kuliko wa asiyevuta. Meza dawa za presha bila kuruka siku. Daktari huenda akakuongezea dawa ya kolesteroli na ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu mwenye mshipa huu ana hatari kubwa zaidi ya kufa kwa moyo kuliko kwa mshipa wenyewe ukiwa bado mdogo. Tembea, fanya kazi za bustani, lala na mkeo. Hayo hayaupasui.

Madereva wasikilize: kwa gari dogo, ukifika sentimita 6 ni lazima uijulishe mamlaka ya leseni, DVLA, na ukifika 6.5 uache kuendesha mpaka utibiwe. Kwa basi na lori kikomo ni 5.5.

Nataka kwenda nyumbani miezi sita, au kuhiji. Naruhusiwa?

Ukiwa na mdogo au wa kati, kwa kawaida ndiyo, ndege haina tatizo. Lakini mwenye wa kati anapimwa kila miezi mitatu. Piga simu mpangiwe upya kabla hujakata tiketi, si baada ya kurudi. Itaje hali hii kwenye bima ya safari hata kama bei itapanda, maana bima iliyofichwa jambo hailipi. Beba nakala ya barua yenye kipimo cha mwisho na tarehe yake. Altrasaundi utaipata Zanzibar, Mombasa au Bujumbura, na ukiugua daktari wa huko atahitaji kujua mshipa ulikuwa na upana gani. Mwenye mkubwa asisafiri kabla ya kuonana na daktari wa upasuaji.

Ndugu zangu walio nyumbani hawaitwi. Kwa nini?

Tanzania na Kenya hazina mpango wa kuwaita wanaume wote, na si uzembe. Mpango kama huu unahitaji ugonjwa uwe umeenea vya kutosha, na kila anayekutwa awe na pa kutibiwa. Wataalamu wa mishipa ni wachache huko, na fedha hiyo hiyo ikipima presha itaokoa wengi zaidi. Isitoshe, mishipa iliyotanuka inayoonekana hospitali za Afrika mara nyingi ni ya vijana, kutokana na maambukizi kama kifua kikuu na VVU au mishipa kuvimba, na kuwaita wazee wa miaka 65 hakungewafikia hao.

Lakini ukikutwa nao wewe, wapigie ndugu zako wa damu. Waambie waombe altrasaundi ya tumbo, na wamtajie daktari neno aota, maana altrasaundi ya tumbo inaweza kuangalia ini na figo ikaipita aota bila kuipima.

Nitajuaje kama umepasuka?

Maumivu makali ya ghafla tumboni au mgongoni, yasiyoisha. Jasho la baridi, kupauka, kizunguzungu, kuzimia. Piga 999 hapo hapo, na kama unajua una mshipa huu, litangulize hilo kabla ya mengine. Usimsubiri kijana atoke kazini akupeleke, na usimeze dawa ya gesi ukalala.

Nina miaka 70 na sikupata barua. Au niliipata nikaitupa.

Mwanaume aliyevuka 65 ambaye hajawahi kupimwa anaweza kuomba mwenyewe moja kwa moja kwa ofisi ya mpango wa eneo lake, bila kupitia kwa daktari. Wahudumu wa mapokezi wa daktari wa familia watakupa namba. Kama barua haikufika kwa sababu ulihama, wape anwani mpya, kwani orodha hutoka kwao. Na kama hujajiandikisha kwa daktari kwa kuogopa mambo ya makaratasi, elewa kwamba kujiandikisha Uingereza ni bure na si lazima uonyeshe hati ya uhamiaji wala uthibitisho wa anwani. Mhudumu akikukatalia kwa sababu hiyo, omba kuonana na meneja, au nenda na mtu anayejua utaratibu.